Hospitali na maafa: maswali ambayo watu wa Kigoma na Tabora hawaachi kuuliza

Mimi ni muuguzi, nimezunguka wodi za Kigoma na kidogo Tabora, na nipo kwenye kamati ya maafa ya hospitali, ile kamati ambayo mkiitwa kuchaguliwa kila mtu anaangalia viatu vyake. Maswali haya nimeyaokota semina, getini, mwaloni na mengine ndani ya treni. Nimeyapa namba ili nikikwambia rudi swali la 5 usihangaike kutafuta.

## Ya mwanzo mwanzo

1. Huku kwetu kuna maafa gani kwani? Si mambo ya Wajapani hayo?

Ndugu yangu, tumejenga juu ya Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005, alasiri saa 9 na kidogo, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo na likasikika mpaka Nairobi, waliokuwa Kigoma siku ile hawajasahau. Nyuma zaidi, 13 Desemba 1910, kule Rukwa lilipiga la 7.4. Halafu angalia la Kagera la 10 Septemba 2016, lilikuwa 5.9 tu, dogo kabisa ukilinganisha, lakini lilipiga karibu na mji wa Bukoba na nyumba za watu, wakafa wasiopungua 17 na mamia wakajeruhiwa. Kwa hiyo usiulize tu ukubwa, uliza limepiga wapi na nyumba za hapo zimejengwaje.

Ukiacha tetemeko kuna ziwa kupanda, mito kama Luiche na Malagarasi kujaa, radi (huku magharibi radi tunazo za kugawa), na upepo wa mwanzo wa msimu. Upepo huu watu wa Tabora wanaujua vizuri, Oktoba kuelekea Novemba joto limekaba, mara mawingu meusi, dakika kumi tu paa la darasa liko shambani kwa mtu.

2. Sasa "hospitali iliyojiandaa" maana yake nini hasa? Kuwa na vifaa vingi?

Hapa nitakujibu kwa kisa, sitasema hospitali gani. Ulikuwa usiku wa mvua ya upepo, saa 4, umeme ukakatika na mama yupo mezani tumbo limefunguliwa, mtoto ndiyo kwanza ametoka. Jenereta tunayo, nzima. Dizeli tunayo, pipa mbili zimejaa. Kibanda cha jenereta kimefungwa kufuli na ufunguo anao fundi, na fundi kaenda msibani Uvinza, simu haipatikani. Daktari akashona kwa mwanga wa simu tatu, yangu ilikuwa na chaji asilimia 11 na naishika kwa mkono wenye glavu iliyolowa, huku nje mlinzi anagonga lile kufuli kwa kipande cha nondo, ko, ko, ko, tunamsikia. Dakika 25. Mama na mwanawe walitoka salama, mtoto sasa anasoma.

Tangu siku ile mtu akiniambia hospitali yao imejiandaa kwa sababu ina jenereta mpya, naulizaga kitu kimoja tu, ufunguo uko wapi na mlinzi wa usiku anajua kuiwasha? Vifaa ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni nani anajua kiko wapi, nani anaruhusiwa kukigusa bila kusubiri sahihi, na huyo mtu asipokuwepo nani anashika nafasi yake.

3. Anayehusika ni nani, mganga mfawidhi au serikali?

Wote. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, inaweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata mpaka kijiji, na kitaifa uratibu uko Ofisi ya Waziri Mkuu. Ndani ya hospitali mganga mfawidhi ndiye mwenye mzigo, ila kiukweli kazi inafanywa na matroni, fundi, mfamasia, mtu wa maabara, afisa afya na mlinzi. Mlinzi msimwache nje ya kikao, yeye ndiye anayekuwepo saa 8 usiku.

4. Kuna kipimo cha kujua hospitali yetu ikoje, au kila mtu anajisifia tu?

Kipo. Shirika la Afya Duniani lina dodoso lake la usalama wa hospitali, toleo la 2015 lina vipengele 151. Wanaangalia hatari za eneo, uimara wa jengo lenyewe, vitu vilivyomo (umeme, maji, gesi, makabati, dari) na mipango ya watu. Mwisho unapata daraja, A maana yake hospitali ina uwezekano mkubwa wa kuendelea kufanya kazi baada ya maafa, B mnahitaji marekebisho siku za karibuni, C mkae chini leo leo.

Kilichowafikisha watu huko ni mambo kama ya Mexico City, Septemba 1985, tetemeko liliangusha jengo la Hospital Juárez na wagonjwa na madaktari wakiwa ndani, yaani ile sehemu majeruhi wanatakiwa kukimbizwa ndiyo inafukuliwa.

Nakushauri msiogope kupata C. Nimeona watu wanajaza dodoso kama wanajaza fomu ya kuomba kazi, kila kitu "kipo".

## Jengo, umeme, maji

5. Jenereta iwe na mafuta ya masaa mangapi?

Panga masaa 72, siku tatu, kwa sababu barabara ikikatika ndiyo muda wa kawaida kabla msaada wa maana haujafika. Piga hesabu mwenyewe. Jenereta ya kVA 100 ikibebeshwa mzigo mkubwa inakunywa kama lita 20 kwa saa, mara 72 ni lita 1,440, yaani zaidi ya pipa saba za lita 200. Wengi wana pipa mbili. Kwa hiyo dawa siyo kununua pipa tano tu, dawa ni kukata mzigo, amueni mapema siku hiyo umeme unaenda wapi. Chumba cha upasuaji, wodi ya watoto wachanga, oksijeni, friji la damu na la chanjo, pampu ya maji. Pasi ya kufulia na kiyoyozi cha ofisini vinasubiri.

Iwasheni kila wiki, tena na mzigo, siyo kuinguruma tupu dakika tano mtu anasaini kitabu. Na iinueni kwenye jukwaa la zege. New Orleans, Marekani, mwaka 2005 kimbunga Katrina kilikuta baadhi ya hospitali zimeweka jenereta na swichi zake chini, maji yakaingia, giza. Sola kwa taa na friji ni msaada mkubwa na haiombi dizeli.

Ufunguo, swali la 2.

6. Maji je? Simtenki moja si inatosha?

Haitoshi, hebu tuhesabu. Mgonjwa aliyelazwa anahitaji lita 40 hadi 60 kwa siku, operesheni moja kama lita 100, mgonjwa wa nje lita 5. Hospitali ya vitanda 200 ukichukua lita 50 tu kila kitanda ni lita 10,000 kwa siku, siku tatu 30,000, hizo ni simtenki sita za lita 5,000 na hapo sijagusa ndugu wanaofua na kupika nyuma ya wodi. Kigoma kichekesho chake ni kwamba unaona ziwa lote hilo kutoka dirishani halafu bomba halitoi, maana pampu nayo inataka umeme. Kwa hiyo maji na jenereta ni jambo moja, msivipange kwenye vikao viwili tofauti.

Kusanyeni maji ya paa. Simtenki zisikae zote sehemu moja, mti mmoja ukianguka unazimaliza.

7. Oksijeni ikikatika mgonjwa anafanyaje?

Zile mashine zinazovuta hewa na kuichuja zinategemea umeme, ukikatika zinalia mara moja na kunyamaza. Ndiyo maana hata hospitali yenye mashine kumi inatakiwa iwe na mitungi. Mtungi mkubwa ukijaa una lita 6,800, mgonjwa mmoja anayetumia lita 5 kwa dakika anapata kama masaa 22. Wagonjwa wanne, masaa matano na nusu. Andikeni hesabu hiyo ukutani karibu na mtungi, usiku wa manane hakuna anayeweza kugawanya kichwani.

Halafu mifungeni kwa mnyororo ukutani! Mtungi uliosimama wenyewe tetemeko likiuangusha na kichwa kikavunjika unaruka kama roketi, hilo siyo neno la kutisha watu, gesi iliyoshindiliwa ikipata tundu lazima uende.

8. Paa letu liling'oka, tukaezeka tena, likang'oka tena. Tatizo ni bati?

Mara nyingi tatizo ni kenchi. Mafundi wanashindilia misumari ya bati vizuri kabisa lakini kenchi yenyewe imekaa tu juu ya ukuta, haijafungwa na chochote, upepo ukiingia kwa chini unanyanyua paa zima kama sufuria na kifuniko chake. Kenchi ifungwe na nondo au mkanda wa chuma uliozamishwa kwenye lenta, na lenta izunguke jengo lote bila kukatika. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 32, kwa jengo la serikali mtu asikuuzie 32 kwa maneno matamu. Kwenye kimbunga Idai, Machi 2019, hospitali kuu ya Beira kule Msumbiji iliharibiwa paa na vyumba vya upasuaji, na ile ni hospitali kubwa ya rufaa, siyo zahanati.

Miti iliyoinamia wodi ipunguzeni Septemba, msisubiri mvua.

9. Ziwa likipanda kama lile la 2020 na 2021, hospitali inahusikaje? Si linapanda taratibu?

Linapanda taratibu na linashuka taratibu vilevile, hapo ndipo shida. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu unaotoa maji, Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo likijaa mnakaa nalo. Miaka ile tuliona mwaloni umeingia maji, vibanda, bandari, nyumba za watu wa chini. Kwa zahanati iliyo karibu na ufukwe mna miezi ya kuliona linakuja, hakuna kisingizio. Hamisheni stoo ya dawa juu kwanza, mafaili yakae juu kabatini, maboksi juu ya mapaleti, na chungulieni vyoo na shimo la kondo la nyuma, hayo ndiyo yanayoanza kutapika kabla maji hayajafika mlangoni. Ukiona choo kimejaa bila mvua, ziwa limeshaingia chini ya ardhi. Kinachofuata ni swali la 16.

## Siku yenyewe

10. Nimelaza mgonjwa, ardhi inatikisika. Nikimbie naye?

Usikimbie. Wengi wanaumia mlangoni na kwenye ngazi. Funga breki za magurudumu ya kitanda, mfunike kichwa kwa mto, wewe inama pembeni ya kitanda, jifunike kichwa na mikono na ushike kitu, mbali na dirisha na kabati. Ikitulia ndiyo mnatoka kwa utaratibu, maana mitetemo midogo inafuata. Manesi ndio watasema nani atoke kwanza.

11. Kwa nini kaka yangu alikuwa analia kwa maumivu wakamruka, wakaenda kwa mtu aliyenyamaza?

Hili swali nimeulizwa kwa hasira mara nyingi na sikulaumu. Siku ya kawaida unahudumiwa kwa foleni au kwa ukali wa ugonjwa. Siku ya majeruhi wengi tunapanga kwa rangi, na lengo linabadilika, tunataka watu wengi zaidi wabaki hai kwa mikono tuliyonayo. Anayeweza kutembea ni kijani, anasubiri. Aliyevunjika mguu lakini anapumua vizuri na anaelewa ukimwambia kitu ni njano. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au damu inamtoka haikatiki, au ukimwambia nifinye mkono hafinyi, ni nyekundu, huyo anaingia sasa hivi. Ambaye hapumui hata ukishamfungua njia ya hewa ni nyeusi. Kila mtu anapewa sekunde chache, nusu dakika hivi, halafu tunarudi kupima upya kwa sababu njano anageuka nyekundu.

Kwa hiyo kaka yako kulia ilikuwa habari njema, anayelia anapumua. Tulitakiwa tukueleze siku ile ile, na hilo ndilo kosa letu.

Rangi hazichagui aina ya maafa. Juni 2022 treni iliyotoka Kigoma kwenda Dar ilipata ajali Malolo, Tabora, majeruhi zaidi ya 100 kwa mpigo mmoja. Hakuna hospitali ya mkoa yenye madaktari mia wamekaa wanasubiri.

12. Ni kweli mtu aliyepigwa radi ukimgusa na wewe unapata shoti?

Si kweli, na uongo huu unaua. Mwili hautunzi umeme wa radi, mguse, mkague, mkandamize kifua. Tena hapa kanuni ya swali la 11 inageuka, radi ikipiga watu kumi pamoja anza na wanaoonekana wamekufa, kwa sababu wengi moyo umesimama tu na ukiwakandamiza kifua na kuwapulizia hewa mapema wanaweza kurudi, wakati wale wanaopumua na kulalamika kwa kawaida wataendelea kuishi.

Na ule mwembe wa hospitali ambao ndugu wote wanakaa chini yake mvua ikianza, jamani, tuwaondoe pale. Wapeni veranda.

13. Kwa nini mnatuzuia getini? Mgonjwa ni wetu na chakula chake tunacho sisi.

Kwa sababu siku ya maafa kila majeruhi anakuja na watu watano, mlango ukijaa machela haipiti. Lakini kumfungia mtu geti bila kumwambia chochote ni kutafuta vurugu, nimeona geti linang'olewa. Hospitali iliyojipanga inatenga sehemu ya ndugu, inampa mtu mmoja kazi ya kusimama pale (ustawi wa jamii anafaa, au shekhe na mchungaji wa karibu), na kila saa inabandika orodha ya majina. Chakula kinapokelewa mlango wa pili. Wakubwa wakija kutoa pole na kamera zao nao wapite huko huko, msinipeleke mkutano wa waandishi wodini.

14. Mtandao ukianguka mnaitanaje?

Kundi la WhatsApp ni la kutakiana Eid na Krismasi, usilitegemee. Minara ikizidiwa meseji ya kawaida mara nyingi inapita hata simu inapokataa kupiga. Orodha ya wafanyakazi iwe kwenye karatasi, imepangwa kwa mtaa anaokaa mtu, Ujiji, Gungu, Mwanga, Katubuka, halafu bodaboda mmoja anapewa mtaa mmoja. Na mjue nani anakaa ng'ambo ya mto, yule msimhesabu kabisa. Kanuni rahisi tuliyokubaliana sisi, ukisikia tetemeko kubwa au ukaona paa za mtaa zimeondoka, usisubiri kuitwa, hakikisha familia yako iko salama halafu njoo.

Mfumo wa kompyuta nao ukilala muwe na fomu za karatasi na namba zimeshaandikwa, majeruhi 1, majeruhi 2, kuendelea. Jina litakuja baadaye.

15. Tukisikia maafa tukimbilie kuchangia damu?

Njoo, ila ujue damu unayotoa leo haiingii kwa mtu leo leo, lazima ipimwe Virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende. Inayookoa saa ya kwanza ni ile ya wiki iliyopita iliyo kwenye friji. Kanda yetu ya magharibi ya damu salama iko Tabora, na damu ikihifadhiwa vizuri inakaa siku 35, kwa hiyo mchangiaji wa kila miezi mitatu minne ananisaidia kuliko umati wa siku moja.

## Maji yakishapungua

16. Kwa nini kila mafuriko mnaanza kuongelea kipindupindu?

Kwa sababu tumekiona. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha ufukweni ambacho nyuma yake ni milima na mbele ni ziwa, hakuna barabara ya maana, vyoo vya kijiji kidogo vinatumiwa na mji mzima, maji ya kunywa ni yale yale ya ziwa. Wagonjwa walipita 3,000 kwa wiki chache. Watu walitolewa kwa meli, MV Liemba ile ya tangu enzi za Mjerumani, mpaka Kigoma, wakapokelewa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Haikuwa mafuriko, lakini ni mchanganyiko ule ule, watu wengi, choo kimejaa, maji machafu.

Kwa hospitali maandalizi yake ni ya bei ndogo sana. Kambi ya kipindupindu inatengwa mbali na wodi nyingine, njia moja ya kuingia na moja ya kutoka. Kitanda ni cha kamba au turubai, kinatobolewa tundu katikati na ndoo chini yake, ndoo nyingine pembeni ya matapishi, zote mbili zina alama za lita ili nesi ajue mgonjwa amepoteza kiasi gani, maana anaweza kupoteza zaidi ya lita 10 kwa siku na wewe unatakiwa urudishe hizo hizo. Maji lita 60 kwa mgonjwa kwa siku. Klorini za nguvu tatu, asilimia 0.05 ya mikono, 0.2 ya sakafu na vitanda, 2 ya kinyesi na matapishi, na ndoo zipakwe rangi tofauti maana harufu haitofautishi. Akiwahi kupewa ORS na dripu, hafi, vifo vinashuka chini ya 1 kati ya 100. Anayekufa ni yule aliyekaa nyumbani akidhani ni dagaa wamemchafua tumbo.

17. Maiti zikiwa nyingi si zitaleta magonjwa? Tuzike haraka kwa pamoja?

Hapana. Maiti za tetemeko au mafuriko hazileti mlipuko, walikufa kwa kuumia siyo kwa ugonjwa. Ukizika kwa pamoja bila namba unawapa ndugu msiba usioisha. Mochwari ikijaa kila mwili upewe namba, picha ya uso, nguo na mahali ulipookotwa, kisha uhifadhiwe mpaka utambuliwe. Waliokufa kwa kipindupindu au Ebola ni habari nyingine, hao wazikwe chini ya usimamizi wa afisa afya.

18. Tulete nini kama msaada?

Uliza kwanza. Dawa zilizobaki nyumbani zisizojulikana zinaisha lini zinatuongezea kazi ya kuziteketeza. Sabuni, ndoo, mashuka, kanga, dizeli, karatasi, mchele uliopikwa kwa ajili ya wafanyakazi waliokesha. Huo wa mwisho hakuna anayeukumbuka.

## Mambo ya pembeni ambayo watu wanauliza kwa sauti ndogo

19. Watoto njiti walio kwenye mashine ya joto wanahamishwaje?

Kifuani. Mama anavua blauzi, mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi, analazwa wima katikati ya matiti kichwa kimegeuzwa pembeni, anafungwa kwa kanga au kitenge, juu anavaa khanga nyingine. Joto la mama linafanya kazi ya mashine bila umeme. Kama mama yuko operesheni, baba, shangazi, bibi, hata nesi. Kila wodi ya watoto wachanga iweke kanga safi kwenye mfuko uliotundikwa mlangoni, idadi sawa na vitanda. Nimeshabeba mmoja wa kilo 1 na gramu 300 hivyo hivyo kwenye korido, alikuwa anapumua kama ndege.

20. Natumia dawa za kila siku, mafuriko yakinikuta mbali na kliniki yangu?

Kadi ya CTC (kliniki ya dawa za VVU), ya kisukari, ya TB, ipige picha kwenye simu na nakala umpe mtu mmoja unayemwamini. Kituo chochote kinachotoa dawa hizo kitakuelewa ukiwa na kadi. Usisubiri kidonge cha mwisho msimu wa mvua, omba mapema. Wa kusafishwa figo wasisubiri barabara ifunguke, TMA, watu wa hali ya hewa, wakitoa tahadhari ya rangi ya chungwa au nyekundu, sogea mjini siku hiyo.

21. Sisi zahanati yetu iko ng'ambo, daraja likienda ndiyo basi. Hayo yote yanatuhusu?

Nyie ndio wa kwanza. Wajawazito waliokaribia wasogezwe nyumba ya kusubiri kujifungua kabla mvua hazijachanganya, dripu, ORS na oksitosini za mwezi zaidi ziombwe Oktoba (oksitosini, ile sindano ya kuzuia mama asitoke damu nyingi akijifungua, inataka ubaridi, kumbukeni friji). Namba 115 ya m-mama ni bure kwa mjamzito au mtoto mchanga anayehitaji usafiri wa dharura. Na kubalianeni leo na mwenye mtumbwi au boti, jina na bei, siyo siku ile mvua inanyesha na yeye anapanga bei yake.

22. Mazoezi mara ngapi? Yanachosha.

Mara mbili kwa mwaka, moja kabla ya Novemba. La kwanza la mchana mkiwa na chai, la pili usiku bila kutangaza. La usiku ndilo linalosema ukweli. Tulipofanya letu tuligundua machela haipiti mlango wa eksirei, miaka yote ile tulikuwa tunaipitisha kwa kuiinamisha na hakuna aliyewaza mtu mwenye uti wa mgongo uliovunjika.

23. Ule ufunguo wa swali la 2 uliishia wapi?

Fundi alirudi Jumatatu, kautoa mfukoni ukiwa umefungwa na uzi mwekundu. Hakusema mengi. Akazunguka kibanda mara mbili, akaokota kufuli lililopondwa, akaligeuza geuza, halafu akatudai jingine, maana lile alilinunua kwa hela yake.